Papa alitoa pole au aliomba radhi? Regensburg 2006, Sista Leonella, na ndimi za viongozi wetu wa dini

MwanaPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, kila mtu kwa salamu ya dini yake.

Mtaani kwetu hapa Tanga ulifanyika mkutano wa injili wa siku tano. Siku ya tatu mhubiri mgeni aliacha somo lake akaanza kumsema Mtume wa Waislamu kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Mama yangu ni Mwislamu. Marehemu baba alikuwa Mkatoliki, nami nimebatizwa. Saa ile mama alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo, na spika ya mkutano ilikuwa imeelekezwa kwetu. Hakusema neno. Alibeba ungo wake akaingia ndani, akafunga dirisha, na joto lote lile.

Kesho yake walikuja wazee watatu wa kanisa lililoandaa mkutano. Wakasema, "Mama, kama kuna mtu ameumizwa na yale maneno, tunasikitika sana." Akawakaribisha chai, wakanywa, wakaaga. Walipotoka akaniuliza, "Hawa walikuja kuniomba radhi au kunipa pole?"

Swali hilo limenirudisha mwaka 2006. Wengine mlikuwa wadogo, kwa hiyo nieleze. Tarehe 12 Septemba mwaka huo Papa Benedikto XVI alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, chuo alichowahi kufundisha kabla hajawa askofu. Mada ilikuwa imani na akili, kwamba kumlazimisha mtu dini kwa nguvu ni kinyume na tabia ya Mungu mwenyewe. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini alifungua hoja yake kwa maneno ya Manuel II Palaiologos, kaizari wa Bizanti wa mwishoni mwa karne ya 14, aliyekuwa akijadiliana na msomi wa Kiajemi. Kaizari alidai kwamba jipya aliloleta Muhammad ni ubaya mtupu, na akataja kueneza dini kwa upanga. Papa alisema maneno hayo ni makali kiasi cha kushtua. Hakusema palepale, "mimi siyakubali". Ilipochapishwa nakala rasmi baadaye ndipo yakaongezwa maneno kwamba ukali ule haukubaliki. Lakini moto ulikuwa umeshawaka.

Jumapili ya tarehe 17, kwenye sala ya Malaika wa Bwana huko Castel Gandolfo, alisema amesikitishwa sana na yaliyozuka katika baadhi ya nchi kwa sababu ya kipande kifupi cha hotuba yake, na kwamba maneno ya kaizari si mawazo yake. Neno la Kiitaliano lilikuwa *rammaricato*, yaani mtu mwenye masikitiko. Magazeti ya Kiingereza yakaandika *sorry*, na hapo ndipo dunia ilipogawanyika: wengine wakasema Papa ameomba radhi, wengine wakasema hajaomba. Mwingereza ana neno hilo moja, analitumia msibani na analitumia akikukanyaga. Sisi tunayo mawili. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala ukamwambia "pole" halafu ukanyamaza, atakutazama machoni mpaka useme "samahani". Pole anaitoa hata mpita njia. Samahani hutoka kwa aliyekanyaga.

Msimamo wangu ni kwamba Papa alitoa pole, na alipaswa kuomba radhi. Si kwa kuwa Mkristo, wala si kwa hoja yake juu ya dini na nguvu. Ni kwa jambo moja tu: kubeba tusi la marehemu na kuliweka mezani bila kulikana palepale, huku akijua kiti alichokalia.

Naomba tujadili kwa heshima.

---

Kijana wa Kaloleni

Mkuu, pole kwa mama. Lakini hapo mwisho sikubaliani nawe.

Papa hakumtukana mtu. Alinukuu. Kama kila anayenukuu aombe radhi kwa niaba ya aliyenukuliwa, basi tufunge vyuo vikuu vyote, maana mwalimu wa historia hawezi kufundisha vita vya msalaba wala biashara ya utumwa bila kutaja maneno machafu ya watu wa zamani. Na kumbuka majira yenyewe. Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilikuwa limechapisha michoro 12 ya Mtume, na mwanzoni mwa 2006 balozi zikachomwa. Kila aliyefungua mdomo baada ya hapo alitakiwa apige magoti. Radhi inayodaiwa kwa mawe na kiberiti si radhi, ni fidia ya mateka. Ukilipa leo, kesho bei inapanda.

Mimi ni Mkristo. Yesu wangu anatukanwa kila siku mtandaoni na sijachoma nyumba ya mtu. Uhuru wa kusema hauna maana kama unalinda maneno matamu tu.

---

Ustadh Msafiri

Assalaam alaykum, na amani kwa wasio wa dini yangu.

Ndugu Kaloleni, hilo la mawe na kiberiti nakuunga mkono bila sharti. Waliochoma makanisa Palestina siku zile walimdhulumu jirani asiyehusika hata kidogo, na kwa sheria yetu dhulma hiyo ina mwenyewe wa kuijibu mbele ya Mola.

Lakini kunukuu kuna namna mbili. Mwalimu wa historia hunukuu ili mwanafunzi ajue fulani alisema nini. Mwingine hunukuu kama mlango wa kuingilia hoja yake, na mlango ni sehemu ya nyumba. Papa angeweza kuijenga hoja ile bila kaizari.

Jambo lililoniuma zaidi halikuwa hata tusi. Katika hotuba ileile alitaja aya ya 256 ya Suratul Baqara, "hakuna kulazimishana katika dini", akaieleza kuwa ni ya kipindi cha mwanzo, Mtume alipokuwa bado hana nguvu na anatishwa. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba Baqara ni sura ya Madina, si ya Makka. Aya hiyo ilishuka wakati Waislamu wameanza kuwa na dola. Maana yake inageuka kabisa: mwenye nguvu anaambiwa asilazimishe. Mwezi mmoja baadaye wanazuoni 38 wa Kiislamu walimwandikia Papa barua ya wazi, wakamsahihisha hilo kwa adabu na kwa dalili. Katika barua hiyohiyo walisema wameyapokea masikitiko yake.

Kwa hiyo tofautisheni. Tusi linaombewa radhi, kosa la elimu linasahihishwa. Wanazuoni wale walishughulika zaidi na la pili, na matunda yakaonekana: mwaka 2007 waliandika waraka mwingine kwa viongozi wa Kikristo, safari hii wakiwa 138, kuhusu kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Mwezi wa 11 mwaka 2008 wakaketi Vatikani na Wakatoliki, uso kwa uso. Yote hayo yalitoka kwenye kalamu. Kiberiti hakikuleta hata kimoja.

---

Muuguzi Mstaafu wa Meru

Nimesoma mpaka hapa na nasikia uchungu, kwa sababu mnaitaja tarehe 17 Septemba kama siku ya sala ya Papa pekee. Siku hiyohiyo, Jumapili hiyohiyo, Sista Leonella Sgorbati alipigwa risasi Mogadishu.

Hapa Kenya tulimjua. Alikuwa Mwitaliano wa shirika la Consolata, alikuja nchini mwaka 1970, akafanya kazi ya uuguzi na ukunga, kisha akasimamia mafunzo ya wauguzi Nkubu, hapa kwetu Meru. Ukizunguka hospitali za Mlima Kenya utakutana na wauguzi waliopita mikononi mwake, na sasa wengi wamestaafu kama mimi. Uzeeni, wakati wenzake wanatafuta mahali pa kupumzika, alienda Mogadishu kuanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya watoto ya SOS, maana Somalia haikuwa na muuguzi mpya aliyefundishwa vizuri tangu serikali ianguke. Mwaka ule wa 2006 wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wamehitimu.

Alikuwa ametoka darasani, anavuka barabara kwenda nyumbani kwa masista. Alikuwa na umri wa miaka 65. Walioandamana naye hospitalini walisema maneno yake ya mwisho yalikuwa "nasamehe, nasamehe, nasamehe". Wengi waliyahusisha mauaji hayo na hotuba ya Regensburg.

Na kuna mtu wa pili, ambaye husahaulika. Mlinzi wake, Msomali, Mwislamu, baba wa watoto wanne, alijaribu kumkinga, akauawa pamoja naye. Sista alitangazwa mwenye heri mwaka 2018, na ni vizuri. Mimi kila tarehe 17 Septemba huwasha mishumaa miwili.

Ndugu Kaloleni, una haki ya kusema kwamba aliyefyatua risasi ndiye mwenye dhambi, si Papa. Nakubali. Lakini ukiwa kiongozi wa watu zaidi ya bilioni moja, sentensi yako haiishii ulipoisemea. Inasafiri, inafika mahali ambapo watu wako wanaishi kama wageni, wachache, bila polisi. Aliye na ulinzi anasema, asiye na ulinzi anapokea. Ningependa kiongozi yeyote wa dini, kabla hajamsema mtu wa dini nyingine, amfikirie muumini wake mmoja anayeishi peke yake katikati ya wale anaowasema.

---

Kijana wa Kaloleni

Mama, habari ya mlinzi sikuijua. Asante kwa kuniambia.

Bado nina wasiwasi na hoja yako, nawe unisamehe. Ukisema msemaji apime maneno yake kwa kuangalia muuaji wa mbali atafanya nini, basi muuaji ndiye anayeamua tuseme nini.

---

Wakili wa Bondeni

Naingia upande wa sheria, kwa kuwa watu huchanganya "anapaswa kuomba radhi" na "anapaswa kushtakiwa". Tanzania tuna kesi yetu wenyewe, na ni ajabu jinsi inavyotajwa kidogo.

Hamisi Rajabu Dibagula alihubiri kwenye mhadhara Morogoro, akasema Yesu si Mwana wa Mungu. Akashtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini. Mahakama ya wilaya ikamfunga miezi 18. Waislamu wakaandamana Dar es Salaam mwaka 2001. Mahakama Kuu ikamwachia huru lakini ikaacha hatia ibaki pale pale. Akaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, hatia yenyewe ikafutwa.

Msingi wa hukumu ile kila mhubiri angepaswa kuujua. Kusema Yesu si Mwana wa Mungu ni imani ya Mwislamu, sawa na vile kusema kwamba ni Mwana wa Mungu ilivyo imani ya Mkristo. Katiba ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini, na dini isiyoruhusiwa kutamka inachoamini si huru. Ili pawe na kosa, lazima upande wa mashtaka uthibitishe kwamba msemaji alikusudia kuumiza. Msikilizaji kuumia peke yake hakutoshi.

Na kifungu chenyewe si chetu kwa asili. Ni mtoto wa Sheria ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 298. Mwingereza alikiandika kwa ajili ya Wahindu na Waislamu wa kule, kisha akakibeba mpaka Afrika Mashariki. Wakenya mnacho pia kwenye kanuni yenu ya adhabu.

Kwa hiyo ningemtoa mhubiri wa Tanga kwenye mikono ya polisi. Lakini kutokushtakiwa si sawa na kuwa na haki mbele ya jirani. Sheria ni sakafu, mkuu. Kwenye sakafu hatukai, tunaweka kiti.

---

Bi Zuhura wa Mbagala

Mimi naomba niseme kama mama tu.

Oktoba 2012 tulikuwa hapa Mbagala. Watoto wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, walibishana kuhusu Msahafu, yule Mkristo akaukojolea. Mtoto! Polisi wakamchukua, umati ukataka apewe wao, ulipokataliwa ukageukia makanisa. Siku ile niliwafungia wanangu chumbani. Jirani yangu Mkristo alikimbilia kwangu na wanawe, tukalala wote sakafuni.

Nilichojifunza ni kwamba hakuna aliyeuliza watoto wale walisikia wapi maneno ya kubishania Msahafu. Mtoto wa umri ule hatungi ubishi wa dini. Anaubeba kutoka kwenye kanda, kwenye mhadhara, kwenye mkutano wa injili, kwenye spika kama ile ya kwa mama yako. Wakubwa wakasema, watoto wakarudia, nyumba ya ibada ikalipa. Sikusikia mhubiri hata mmoja, wa upande wowote, akisimama kusema, "Yale niliyokuwa nikiyasema nilikosea kuyasema vile."

Hiyo ndiyo radhi ninayoitaka mimi. Siyo ya Papa peke yake.

---

MwanaPangani

Bi Zuhura, shikamoo. Nimeisoma post yako mara tatu.

Ndugu Kaloleni, nimelifikiria lile swali lako la muuaji kuamua tuseme nini. Ni swali zito na silikwepi. Naona hivi: ukiomba radhi kwa sababu unaogopa, kweli umemlipa mwenye kiberiti. Ukiomba radhi kwa sababu ulikosea, kiberiti hakihusiki, hata kama kipo pembeni. Shida ni kwamba kwa nje zinafanana. Ndiyo maana wakati mzuri wa kuomba radhi ni mapema, kabla watu hawajaingia barabarani, wakati bado hakuna wa kukulazimisha. Papa angesema palepale jukwaani, "maneno haya ya kaizari siyakubali", sentensi moja tu, hotuba yake ingebaki na nguvu zote.

Kwa haki, niongeze kwamba hakuishia kwenye masikitiko. Mwezi wa 11 mwaka uleule alikwenda Uturuki, akaingia Msikiti wa Buluu wa Istanbul, akasimama kando ya mufti akielekea upande wa Makka, akanyamaza katika sala. Kuna wazee wa kwetu ambao kwao kile kimya kilikuwa kikubwa kuliko tamko. Mimi bado ningetaka neno.

Ustadh, naomba unisaidie. Kwenye toba yenu, haki ya mtu uliyemkosea inakuwaje?

---

Ustadh Msafiri

Toba kwa Mwenyezi Mungu ina masharti: uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia. Likiwa ni kosa dhidi ya mja, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake, au akusamehe mwenyewe. Ukimtukana mtu ukaenda msikitini kulia usiku kucha, bado unadaiwa na yule mtu. Sharti hilo linatuhusu sisi masheikh kwanza. Nimewahi kusikia khutba ya Ijumaa iliyowasema Wakristo kwa jina baya, na nilinyamaza. Kunyamaza kwangu nakuhesabu ni deni.

---

Mwalimu wa Nyamata

Nawasalimu kutoka Rwanda. Kiswahili changu ni cha shuleni, mnivumilie.

Kwetu swali la radhi ya viongozi wa dini si la maneno, ni la mifupa. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani wakauawa humo, hapa Nyamata, Ntarama, Nyarubuye. Miaka 22 ilipita. Tarehe 20 Novemba 2016 tamko la maaskofu Wakatoliki likasomwa parokiani, wakiomba msamaha kwa makosa ya wanakanisa waliohusika. Serikali ikasema halitoshi, kwa sababu waliomba kwa niaba ya watu binafsi, si kwa Kanisa lenyewe. Machi 2017 Papa Fransisko alipokutana na Rais Kagame akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake. Neno "Kanisa" lilipotajwa, kuna watu niliokaa nao siku ile waliolia.

Hii ndiyo sababu namwelewa mama wa Tanga. Yeye anasikiliza nani ametajwa kwenye sentensi. "Kama kuna mtu ameumizwa": nani kamuumiza? Hayumo.

---

Kijana wa Kaloleni

Mwalimu, hapo umenigusa. Naendelea kuamini kwamba hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa kuomba radhi, na wakili kanitetea vizuri kuliko nilivyojitetea. Lakini sentensi isiyo na mtenda ni ya woga. Mtu akiamua kuomba radhi ajitaje, akiamua kutoomba asimame na aseme haombi.

---

MwanaPangani

Wakuu, nilikuwa kimya siku mbili, nina habari.

Jana jioni mmoja wa wale wazee watatu alirudi, safari hii peke yake. Sikumwambia lolote, wala hayumo humu jukwaani. Alikataa kiti, akabaki amesimama pale ngazini. Akasema, "Mama, yule mhubiri tulimwalika sisi. Spika ni yetu na sisi ndio tuliielekeza kwako. Alipoanza kusema yale nilikuwa mbele, ningeweza kumzuia, sikumzuia. Tumekukosea. Naomba utuwie radhi."

Kisha akaongeza, na niliona imemtoka kwa shida, "Lakini siwezi kukuambia kwamba siamini ninachoamini."

Mama akamjibu, "Hilo sijakuuliza, baba. Mume wangu alikuwa wa kwenu miaka 31. Nimewasamehe. Kaa."

Akakaa. Chai ikaletwa. Wakazungumza bei ya karafuu na mguu wa mama unaomsumbua. Alipokuwa anaaga, mama akamuuliza mwakani spika itatazama wapi. Akasema uwanja wa mpira, upande wa shule, kule hakuna nyumba. Mama akamwambia amwandikie mjukuu kwenye daftari, kwa kuwa yeye anasahau.